Kabla ya kikao chako cha kwanza

Mwanangu Kendi,

Nimefurahi kusikia umepata nafasi kwa yule mwanasaikolojia wa Hurlingham, Alhamisi hii saa kumi jioni. Nakuandikia ili uingie mle ndani ukijua kinachofanyika. Wengi huanza tiba ya mazungumzo kisha wakaikatiza baada ya vikao viwili au vitatu, na mara nyingi si kwamba tiba imeshindwa. Walitarajia jambo jingine, wakaudhika au wakaona haya, wakanyamaza na wasirudi tena. Ukisahau mengine yote niliyoandika humu, hili lishike: chochote kitakachokufanya utamani kutorudi, rudi ukamwambie yeye mwenyewe. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi yenu.

Kabla ya Alhamisi mpigie simu umuulize nambari yake ya usajili. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ndiyo iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni, kwa hivyo swali hili halimwaibishi mtu aliyesomea kazi yake. Anayekasirika ukimuuliza, mwache. Muulize pia anashughulikia nini zaidi, maana wasiwasi, msiba, ulevi na matatizo ya kula havitibiwi kwa namna moja. Kisha ada: kikao ni pesa ngapi, na usipofika itakuwaje. Wengi hutaka uwaarifu saa 24 kabla, la sivyo unalipia kikao kizima. Na umuulize lugha. Ikiwa uchungu wako huutaja kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, kwa Sheng au kwa Kimeru, ni heri ajue mapema. Ukilazimika kutafsiri kila hisia kabla ya kuitamka, nusu yake itapotea njiani.

Usitarajie dawa kutoka kwake. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Anayeandika ni daktari wa magonjwa ya akili. Akikwambia umwone daktari huyo, haina maana kwamba umekuwa hatari au kwamba amekuchoka. Anaweza pia kukutuma upimwe damu, kwa sababu upungufu wa damu na tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa huleta uchovu na huzuni inayofanana kabisa na depresheni. Nenda upimwe. Ni aibu kuzungumza miezi sita juu ya uchovu ambao ungetibiwa kwa vidonge vya madini ya chuma.

Sasa siku yenyewe. Kikao huchukua dakika 50 hivi, na ukichelewa dakika 20 haziongezwi, kwani kuna mwingine nyuma yako. Kutoka Wendani ondoka saa nane, maana unajua Thika Road ilivyo, na ukifika mjini bado una matatu ya pili. Fika robo saa mapema. Utapewa fomu mbili tatu. Mojawapo ni ya ridhaa: inaeleza ada, siri, haki yako ya kuacha wakati wowote, na jinsi rekodi zako zitakavyotunzwa. Isome yote kabla ya kutia sahihi. Utaombwa pia jina na simu ya mtu wa kupigiwa dharura ikitokea. Si lazima awe mimi.

Huenda ukapewa karatasi yenye maswali tisa inayoitwa PHQ-9, ambayo ina tafsiri ya Kiswahili. Inauliza juu ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona umeshindwa, kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Kila swali lina alama 0 hadi 3, kutoka hujasumbuka kabisa hadi karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 tabibu huanza kuichunguza depresheni kwa makini zaidi. Ya wasiwasi, GAD-7, ina maswali saba na huishia 21. Alama hizi si hukumu wala si mtihani wa kupita. Ni kipimo cha kuanzia, ili baada ya wiki kadhaa mjaze tena na kulinganisha. Kwa hiyo usijipunguzie alama ili uonekane mzima.

Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kama katika wiki hizo mbili umewaza kuwa ni afadhali ufe au kujidhuru. Hata bila karatasi atakuuliza kwa mdomo, moja kwa moja. Swali hilo huulizwa kila mtu, na kuulizwa hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Jibu kweli. Wengi hapa kwetu wamelificha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kikifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Na tena, kuwa na wazo si sawa na kuwa na mpango. Ukimwambia lipo, atataka kujua huja lini, kama umefikiria namna, na nini hukuzuia. Kisha mtaandika pamoja hatua za kufuata linapokuja usiku. Wengi wanaolitaja hurudi nyumbani jioni hiyo hiyo.

Baada ya fomu atakuuliza kitu kama, "Ni nini kimekuleta leo?" Ukijibu "sijui nianzie wapi," hilo ni jibu halali. Lakini itakusaidia ukiandika kwenye simu yako, usiku wa Jumatano, mistari mitatu: ilianza lini, imeharibu nini katika siku zako (usingizi, masomo, chakula, marafiki), na ungependa nini kibadilike. Usijitahidi kutumia maneno ya vitabuni. Sema ulivyo: moyo unaenda mbio ukiingia ukumbi wa mitihani, unafikiria sana, unaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Maneno kama hayo yana habari nyingi kuliko "nina stresi." Atakuuliza pia kuhusu pombe, bangi, miraa, dawa unazotumia, na kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua akili. Kuhusu familia, mwambie yote unayoyajua, hata ya upande wangu. Hakuna ninachotaka ukifiche kwa kunilinda.

Na siri. Umeshapita miaka 18, kwa hiyo mimi nikimpigia simu hatakiwi hata kuthibitisha kwamba anakujua, na sitampigia. Kuna mipaka michache: akiona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, akisikia mtoto anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Mtabibu mzuri pia huzungumzia kazi yake na msimamizi wake, bila kutaja jina lako. Ukilipa kwa bima, kampuni ya bima inaweza kutaka kujua umeonekana una tatizo gani, basi muulize ataandika nini kabla hajaandika.

Unaweza kutoka mle ukiwa mzito kuliko ulivyoingia. Hutokea sana baada ya kikao cha kwanza na cha pili, kwa sababu umefungua yaliyokuwa yamefungwa na bado hamjayapanga. Usiweke CAT, ile mitihani midogo ya chuo, wala mkutano wa kikundi jioni hiyo. Kula, tembea kidogo, lala mapema. Uzito huo kwa kawaida hupungua baada ya siku moja au mbili. Ukizidi hapo, usingoje Alhamisi nyingine, mwandikie.

Vikao vinavyofuata mara nyingi huwa kila wiki. Kama atatumia tiba ya fikra na mienendo, ile inayotumika sana kwa wasiwasi na depresheni, tarajia vikao 12 hadi 20 hivi, na tarajia kazi ya nyumbani. Nikuonyeshe mfano ili usiishangae. Chukua daftari, uchore safu tano. Safu ya kwanza, tukio: nimemwandikia rafiki WhatsApp, ameusoma ujumbe, saa tano zimepita hajajibu. Ya pili, wazo lililopita kichwani: "Ameona mimi ni mzigo," nimeliamini asilimia 85. Ya tatu, hisia: huzuni 70, aibu 60. Ya nne, ushahidi wa pande zote mbili: ni kweli hajajibu, lakini jana alinipigia mwenyewe, na leo yuko zamu kazini hadi jioni. Ya tano, wazo lenye kulingana na ushahidi wote: "Sijui kwa nini hajajibu, na kuna sababu nyingi zisizonihusu." Sasa lile wazo la kwanza naliamini asilimia 40, huzuni imeshuka hadi 35. Angalia, haikushuka hadi sufuri, wala haitakiwi. Watu huiacha kazi hii kwa kudhani lazima wazo baya lifutike kabisa. Kosa jingine ni kuijaza yote Jumatano usiku kwa kukumbuka. Jaza tukio likiwa bado moto, hata kwa maneno manane kwenye simu, kwa sababu baada ya siku tatu utakumbuka tukio na utakuwa umelisahau wazo.

Kwa wasiwasi anaweza kukupeleka hatua kwa hatua kwenye kile unachokiogopa. Wasiwasi utapanda kwanza. Ukikimbia ukiwa kileleni, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikouokoa. Ukibaki hadi ushuke wenyewe, unajifunza jambo tofauti. Kwa hiyo hatua ziwe ndogo, na mkubaliane wote wawili kila moja. Akikusukuma kwa hatua hujaikubali, mkatalie.

Hatakuamulia mambo. Ukimuuliza, "Nimwache au nisimwache?" atakurudishia swali, na itakuudhi. Shangazi zako watakupa majibu ya bure siku yoyote. Huyu unamlipa akusaidie kuona unavyofikia majibu yako. Kutakuwa pia na kimya, pengine dakika nzima. Usiharakishe kukijaza.

Tabia moja nakuomba uichunge. Watu huzungumza juu ya masomo na kodi ya nyumba kwa dakika 45, kisha wakiwa wameshika mlango ndipo wanalitaja lile lililowaleta. Linakuwa halina muda. Ukijua lipo, anza nalo hata kwa kusema tu, "Kuna jambo naona vigumu kulitaja." Atajua la kufanya. Na wewe nakujua, una adabu nyingi kwa watu wazima. Mle chumbani adabu hiyo itakugharimu ukiitikia kila kitu. Sema, "Wiki iliyopita ulichosema kiliniumiza." Sema, "Hii kazi ya daftari sioni faida yake." Sema, "Naona hunielewi kuhusu nyumbani kwetu." Jinsi mnavyoaminiana ninyi wawili ni miongoni mwa mambo yanayoamua zaidi kama tiba itafaa, kuliko hata jina la mbinu anayotumia, na namna atakavyoyapokea maneno hayo itakufunza mengi kumhusu. Akijitetea kila mara, badilisha mtabibu bila kujilaumu.

Kuna mambo ambayo hayana mjadala: akikutongoza, akikugusa kwa namna usiyoitaka, akikukopa pesa, akikuingiza kwenye biashara yake au akitaka mkutane kwa kinywaji, ondoka na umripoti kwa bodi. Akikwambia uache kusali, au kwamba shida yako ni kukosa imani, hapo pia amevuka kazi yake. Kanisani endelea kwenda kama kawaida. Maombi na tiba havigombani.

Kwenye kikao cha nne hadi cha sita, muulize mjaze zile karatasi tena na mzungumze mnakoelekea. PHQ-9 ikishuka alama 5 au zaidi, hayo ni mabadiliko ya maana. Ikiwa haijasonga, si lazima muachane. Huenda mbinu ndiyo ya kubadilishwa, au wakati wa kumwona daktari kuhusu dawa umefika. Ukiandikiwa dawa za depresheni, jua zinaweza kuchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi, na usizikatize ghafla bila daktari.

Kama siku fulani mtaonana kwa video, usifanyie kikao kwenye bedsitter yenu mwenzako akiwa hapo. Kuta ni nyembamba, na utazungumza kama mtu anayesikilizwa. Vaa spika za masikioni, weka redio ndogo karibu na mlango, hakikisha bando linatosha saa nzima.

Usiku ukiwa mbaya na yeye hapatikani, piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya; ni bure. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, nayo iko hapo hapo Thika Road, wala usione aibu ya jina lake. Na mimi nipigie saa yoyote.

Ada ya vikao sita vya kwanza nitakutumia kwa M-Pesa kila Jumatano, pamoja na nauli. Ukiona mzigo wa pesa unakusumbua hata mle ndani, niambie, na uulizie ofisi ya ushauri nasaha ya chuo, kwani wanafunzi kwa kawaida hawalipi. Ukitoka Alhamisi niandikie tu kwamba umefika nyumbani. Mliyozungumza sitakuuliza.

Mama yako