YAH: Chupa ya "sodiamu kloridi" iliyotia maji asidi

Kwa Meneja Mauzo,

Tafadhali rejea kichwa cha barua hapo juu.

Wiki iliyopita shule yetu ilipokea kwenu chupa tatu za maabara: sodiamu kloridi (chumvi ya kula), amoniamu kloridi na sodiamu kaboneti. Nilizihitaji kuwaonyesha kidato cha tatu kwamba si kila chumvi ikiyeyuka huyaacha maji yalivyokuwa.

Wanafunzi walipima gramu 5.85 za "sodiamu kloridi" wakayeyusha hadi kupata lita 1. Litimasi ya bluu (karatasi ya kupimia asidi) ikawa nyekundu, na pH (kipimo ambacho 7 si asidi wala besi, yaani kinyume cha asidi; chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi) ikasoma 5. Chupa ya "amoniamu kloridi" ndiyo iliyotoa 7. Binti mmoja aliyekuwa ameandika 7 kabla ya kupima alifuta jibu lake, lililokuwa sahihi, kwa kuwa aliiamini lebo yenu. Hilo limeniuma kuliko fedha tulizolipa.

Nilipopiga simu, ofisa wenu alinijibu kuwa maji yetu ndiyo mabaya, kwani "chumvi ni chumvi, haina asidi". Najua maji yaliyokaa wazi hunyonya kaboni dioksidi hewani yakashuka chini ya 7. Ndiyo maana tuliyachemsha, tukayapoza yakiwa yamefunikwa. Tena kwa maji hayohayo sodiamu kaboneti ilisoma 11, kama inavyotakiwa, maana kaboneti huyanyang'anya maji ioni za hidrojeni yakabaki na hidroksidi nyingi. Amoniamu, iliyotokana na besi dhaifu, hufanya kinyume: huachia ioni za hidrojeni majini, nazo ndizo huyatia asidi. Sodiamu na kloridi, zilizotokana na besi kali na asidi kali, hazifanyi lolote kati ya hayo.

Ili nisiwaonee, nilichukua kidogo cha "sodiamu kloridi" hiyo, nikaongeza sodiamu hidroksidi na kupasha moto. Ilitoka harufu kali ya amonia, na litimasi nyekundu iliyoloweshwa, niliyoishika mdomoni mwa testityubu, ikawa bluu. Chumvi ya kula haitoi amonia. Mwanafunzi angeipasha hivyo bila tahadhari, ingemuingia machoni na kifuani.

Lebo zimebadilishana. Naomba mtuletee chupa mbili sahihi ndani ya siku 14 kwa gharama zenu, na mzijulishe kwa maandishi shule zote zilizouziwa shehena hiyo kabla hazijaanza mitihani ya vitendo. Picha za chupa, lebo na namba za shehena nimeambatisha.

Wenu,
Mwalimu wa Kemia