Barua ya wazi kwa mbunge wetu: nani ashike tochi usiku huu?

Mheshimiwa Mbunge,

Nakuandikia kutoka Katindo, Goma. Najua uko Kinshasa na njia ya kurudi huku imekuwa ndefu. Lakini sheria hutungwa huko, basi barua inakufuata, kuhusu watu wanaopotea.

Mama mkubwa wangu alitoka kununua makala (mkaa), hakurudi. Ni mzee, na siku hizi husahau hata mlango wa kwake. Saa moja ya usiku tulikuwa tumeshafika kwenye ofisi moja ya usalama. Aliyekuwa zamu aliuliza umri, akatabasamu: "Ni mtu mzima huyo. Pengine amelala kwa ndugu. Mrudi kisha siku mbili." Hata jina hakuliandika. Tukalipia tangazo redioni, vijana wa kartiye, yaani mtaa wetu, wakazunguka na pikipiki. Siku ya tatu mama wauza maharagwe wa Sake, mji mdogo magharibi ya Goma, wakatuletea habari: wanaye. Miguu imevimba, anauliza makala ni bei gani.

Nilitafuta sheria ambayo yule bwana aliivunja. Sikuiona. Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inamjua mtu "asiyekuwapo": aliyeondoka kwake, hana habari, wala hakumwachia mtu mamlaka ya kumwakilisha. Inamjua pia aliyetoweka katika hali ambayo kifo chake ni hakika ingawa mwili haukupatikana. Huyo mahakama inaweza kumtangaza kuwa amekufa. Wajane wa boti Merdy, iliyozama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, wanakihitaji kipengele hicho, kisiguswe. Ila vyote viwili vinashughulika na nani atasimamia mali, ndoa na urithi. Mtu bado hai, yuko njiani gizani, sisi tunaulizwa habari za shamba lake.

Sheria ya watoto ya Januari 2009 imejaribu: inawataja waliotupwa, waombaji, wanaozurura. Mtoto aliyepotea sokoni asubuhi hii si mmoja wao. Volkano yetu Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, UNICEF ilihofia kwamba watoto zaidi ya 170 hawajulikani walipo.

Ninachoomba ni maana iliyoandikwa. Aliyepotea awe mtu yeyote ambaye wenziwe hawajui alipo na wana sababu ya kuhofu, tangu saa ya kwanza. Marekani ilikataza mwaka 1990 polisi kusubiri kabla ya kupokea taarifa ya mtoto. Sisi tusiishie kwa umri: aliye hatarini ni pia mzee anayesahau, mgonjwa wa akili, anayeishi kwa dawa ya kila siku, aliyeonekana akivutwa kwa nguvu.

Jambo moja ulilinde sana. Kuna mwanamke anayekimbia fimbo za mume, na mume ndiye atakayekuja kuandikisha kwamba amepotea. Akipatikana, familia iambiwe tu kwamba yu hai. Alipo asitajwe bila ridhaa yake.

Mama mkubwa anakusalimu. Ameuliza wewe ni mtoto wa nani.

Mkaaji wa Katindo