Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano: namba iliyokatwa isigawiwe kimyakimya

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kuhusu siku ambayo namba ya simu humtoka mtu mmoja na kupewa mwingine. Kampuni za simu huichukulia siku hiyo kuwa shughuli yao ya ndani. Kwangu mimi hilo ni kosa, na mwenye uwezo wa kulirekebisha ni wewe.

Hakuna kampuni inayomiliki namba. Msimbo wa nchi, wenye tarakimu moja hadi tatu, hutolewa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, na kiwango chake cha E.164 hakiruhusu namba nzima kuzidi tarakimu 15. Tarakimu zinazofuata msimbo hupangwa na mamlaka ya nchi. Mamlaka hukata mafungu na kuyagawa: kampuni hii zinazoanza hivi, ile zinazoanza vile. Fungu likiwa na tarakimu sita za mwisho zilizo wazi, kampuni imekabidhiwa namba milioni moja kwa mkupuo. Imekabidhiwa azitumie mteja, chini ya masharti. Na masharti unayaweka wewe.

Sharti linalosimamiwa kwa ukali zaidi ni kwamba namba zisikae bure. Lina sababu yake. Marekani ilikuwa ikigawa mafungu ya namba 10,000, na kampuni yenye wateja wachache katika eneo ilishikilia fungu zima hadi misimbo ya maeneo ikaanza kuisha. Ndipo wakaanza kugawa kwa elfu moja moja, na kampuni inayotaka nyongeza katika eneo hutakiwa kwanza kuonyesha kuwa asilimia 75 ya namba ilizonazo pale ziko kwa wateja. Tarakimu zimeokolewa. Lakini tazama sharti la namna hii linavyoisukuma kampuni: kila namba iliyokatwa na kupumzishwa inaishusha kwenye hesabu, kwa hiyo faida yake ni kuirudisha sokoni mapema iwezekanavyo.

Zamani madhara yalikuwa madogo. Mtu alipiga namba ya rafiki yake, akapokea mgeni, akaomba radhi na kukata. Leo pesa ziko kwenye namba. Benki inamtambua mteja kwa namba, barua pepe inafunguliwa kwa namba, na aliyesahau nywila anatumiwa msimbo wa kuingilia kwa meseji. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Kevin Lee na Arvind Narayanan, walichunguza namba 259 ambazo kampuni mbili za Marekani zilikuwa zikiwapa wateja wapya wachague. Namba 171 kati ya hizo zilikuwa bado zimeunganishwa na akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Hiyo ni karibu theluthi mbili, na hakuna aliyehitaji ujuzi wa wizi wa mitandaoni. Ilitosha kununua laini. Ni kumpangisha mtu nyumba bila kubadili kitasa.

Kuhama mtandao bila kubadili namba kumeongeza fundo ambalo sijasikia likizungumzwa vya kutosha. Haki hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, maana imewavunja nguvu waliokuwa wakimshika mteja kwa kuishika namba yake. Ila katika nchi nyingi, namba ya aliyehama ikikatwa hurudi kwa kampuni iliyopewa fungu lile tangu mwanzo. Kampuni hiyo huenda haijamhudumia mtu huyo kwa miaka kadhaa. Haijui anaunganishwa na huduma zipi, haina njia ya kumfikia, lakini ndiyo itakayoamua namba yake iende kwa nani na lini.

Na wanaopoteza namba si wazembe. Ni mgonjwa aliyelazwa miezi mingi, mfungwa, baharia, mfanyakazi aliyekwenda nchi ya mbali, mzee ambaye laini yake ilikuwa ya kupokea tu na hakuweka salio kwa muda uliotakiwa. Anayepewa namba naye anaumia: anadaiwa mikopo asiyoichukua, anapigiwa usiku na jamaa wa marehemu, anashukiwa kwa mambo ya mtu asiyemjua.

Kwa hiyo naomba kwanza kanuni ya muda wa kupumzisha namba, usiopungua miezi sita, uwe mmoja kwa kampuni zote. Marekani wameweka angalau siku 45. Kwa nchi ambako namba inabeba pesa, naona hizo ni chache mno. Najua utaambiwa namba zitaisha. Jibu liko mikononi mwako: zinazopumzishwa zihesabiwe peke yake, zisichanganywe na zilizokaa bure, na kampuni isiadhibiwe kwa kusubiri.

Ombi ninalolisisitiza kuliko yote ni kanzidata moja ya namba zilizokatwa, kila namba na tarehe yake. Marekani wanayo tangu Novemba 2021. Ilianzishwa ili wanaopiga simu za biashara wasimsumbue mtu ambaye hakuwaruhusu, lakini namna inavyofanya kazi ndiyo tunayoihitaji: muulizaji anataja namba na tarehe aliyokuwa na hakika na mwenyewe, akiuliza kama imekatwa tangu siku hiyo, naye anajibiwa ndiyo, hapana, au hakuna taarifa. Jina la mtu halitajwi popote. Benki ikipata jibu la "ndiyo" inasitisha kutuma msimbo na kumtaka mteja ajitambulishe upya. Kila kampuni iwajibike kuingiza tarehe, hata kwa namba zinazorudi kutoka mtandao mwingine, na benki na watoa huduma za pesa wawajibike kuuliza kabla ya kutuma.

Mwenye namba pia aonywe kabla ya kukatwa, tena kwa njia nyingine aliyoiandikisha mwenyewe. Kutuma onyo kwenye laini iliyozimwa si kuonya.

Naomba rasimu ya kanuni hizi iwekwe hadharani ili wananchi watoe maoni, pamoja na idadi ya namba ambazo kila kampuni iliwagawia upya wateja wengine katika mwaka uliopita. Takwimu hizo kampuni zinazo, na mamlaka yako ina haki ya kuzidai.

Wako katika ujenzi wa mawasiliano salama,

Mteja wa simu