Badilisha swali kabla ya Omaha

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi. Ya nyumbani tutayaongea siku nyingine, maana Mei 3, 2025, siku ya mkutano wa wanahisa wa Berkshire Hathaway kule Omaha, Marekani, imeshafika mlangoni na swali ulilonionyesha limeninyima raha. Usimuulize Warren Buffett, mkuu wa kampuni, ununue hisa gani. Hajibu! Anachonunua na anachouza hakisemi mkutanoni, kwa hiyo utakuwa umepanga foleni tangu alfajiri halafu nafasi yako inapotea bure.

Milango inafunguliwa saa 1 asubuhi, maswali ni saa 2 hadi saa 7 mchana. Ukiingia usihangaikie kiti. Nenda kwanza kwenye kipaza sauti ujiandikishe, kwa sababu waulizaji wa ukumbini wanapatikana kwa kura.

Barua yake ya Februari kwa wanahisa umeisoma? Wengi wanakamata faida halisi ya 2024, karibu dola bilioni 89, wakati humo mna faida za hisa ambazo hazijauzwa, zinazopanda na kushuka na soko. Wewe shika faida ya uendeshaji, yaani ya biashara zenyewe bila kupanda na kushuka kwa hisa hizo, dola bilioni 47.4. Humo ndimo utaiona biashara yenyewe, hasa bima, na swali lako litoke hapo. Mteja analipa bima leo, fidia inakuja baadaye, pengine miaka mingi; katikati Berkshire inawekeza fedha hizo. Mwisho wa 2024 zilikuwa kama bilioni 171. Lakini bima ikiuzwa kwa bei ya chini mno, fidia na gharama zinapita malipo ya wateja, na fedha hizo zinageuka mkopo wa ghali.

Basi uliza hivi: "Bei za bima zikishuka, mtakubali fedha hizo zipungue kiasi gani kabla ya kuuza bima kwa hasara?" Sentensi moja, ukae. Ukianza kwa kumsifu dakika nzima, ukumbi mzima utachoka nawe.

Charlie Munger, makamu wake wa miaka mingi, hatunaye tangu Novemba 2023, na Buffett mwenyewe ana miaka 94. Ndiyo maana nakusumbua hivi, Salum. Nafasi hii si ya kuchezea.

Beji za kuingilia zimefika? Hisa yako moja ya B, lile daraja la bei nafuu, inakupa hadi nne. Ya pili umempa Mwanaidi au bado mmenuniana? Tiketi ya ndege umelinganisha na ya Kansas City? Kutoka huko hadi Omaha ni mwendo wa kama saa mbili na nusu tu kwa gari. Na swali jipya utaniandikia lini nilione?

Wako,
Hamisi