Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kufika, na kwa ada zenu. Mweka hazina atawasomea hesabu. Vikao vya kutazama nyota viliendelea, isipokuwa wakati wa masika.

Swali mlilonipigia simu zaidi mwaka huu ni moja: mbona Shirika la Anga za Juu la Kenya liko chini ya Wizara ya Ulinzi, na sisi raia tunaingia wapi?

Kwetu pwani jambo hili si geni. Kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco pale Ngomeni ni matunda ya Luigi Broglio, jenerali wa jeshi la wanahewa la Italia aliyekuwa pia profesa wa Chuo Kikuu cha Roma. Jeshi na chuo walishirikiana, NASA, shirika la anga la Marekani, ikaleta roketi za Scout. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, jukwaa lile la chuma baharini lilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Ikaitwa Uhuru. Aliyeongoza utafiti wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Vijana wetu tuliowapeleka Ngomeni waliziona nguzo za jukwaa kwa macho yao, na mimi naona fahari kila ninapolitaja.

Lakini ushirikiano huu si lazima umfae raia. Mvuvi anayerudi usiku kwa jipiesi (GPS), kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, anaongozwa na setilaiti za jeshi la Marekani. Hadi Mei 2000 ishara ya raia ilipotoshwa makusudi, ikakosea hata mita 100. Kwa anayetafuta mlango wa mwamba gizani, hiyo ni mashua kuvunjika. Ishara hiyo ilirekebishwa kwa amri ya serikali ya Marekani, wala si kwa mtambo mpya.

Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilirushwa Aprili 2023 kutoka kambi ya kijeshi ya Vandenberg, California, kwa roketi ya kampuni binafsi. Kamera yake ilikusudiwa kilimo na mazingira pia. Kwa hiyo kamati inapendekeza tuliandikie Shirika la Anga za Juu la Kenya, tuulize: picha za setilaiti zetu zipi ziko wazi kwa shule na maafisa wa kilimo, zinachukua muda gani kutolewa, na anayenyimwa akate rufaa kwa nani?

Rasimu ya barua mmegawiwa. Tutaipigia kura kabla ya uchaguzi wa viongozi.