Paka akikoroma, si lazima awe amefurahi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nizungumzie paka, ambao sisi wakazi wa Lamu tunaishi nao katika kila kichochoro, lakini ambao ishara zao wengi wetu huzisoma vibaya. Kosa kubwa linahusu mkoromo, yaani ile sauti ya kunguruma taratibu kooni, si ya usingizini: watu hudhani kwamba paka akikoroma amefurahi, ilhali paka mwenye maumivu makali naye hukoroma, kwa hiyo anayekoroma huku amejikunyata pembeni na kukataa samaki (jambo ambalo kwa paka wa Lamu ni dalili tosha) apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kuhusu kulia nyau, paka wakubwa ni nadra kuliliana hivyo wao kwa wao. Mtoto wa paka humlilia mama yake, na akishakua hutulilia sisi binadamu, hasa tunaposhika sahani.

Mkia uliosimama wima ni salamu ya urafiki. Mkia unaopigwapigwa huku na huko, tofauti na wa mbwa, ni onyo, na masikio yakishalala nyuma na manyoya kusimama, mtoto aliye karibu aondolewe mara moja, kwa sababu meno ya paka huchoma ndani na jeraha lake huweza kutunga usaha, au kuambukiza kichaa cha mbwa iwapo paka anacho. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wako,
Msomaji, Lamu