Kengele zilizoachwa zilipoangukia

Hamburg, Jumapili usiku

Mwanangu Salimu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Mama yako hajambo, ila baridi inamtesa. Tangu tufike hajatoka nje zaidi ya mara tatu, na kila akirudi anamlalamikia dada yako kana kwamba ndiye aliyeileta. Mjukuu anakua. Mimi ameshanikojolea mara mbili.

Juzi uliponipigia ukanieleza kazi ya ile nyumba ya yule mama wa Sahare imekwisha, kwamba ule ufa umeupiga lipu, ukaskimu, ukapaka rangi, na sasa hata mwenye nyumba hajui ulikuwa wapi, nilinyamaza. Ukadhani mtandao umekata, ukawa unaita, "Baba, unanisikia?" Nilikuwa nakusikia vizuri. Nilikuwa na neno, halikutoka. Nitalifikia, lakini kwanza nikupeleke nilikokwenda jana.

Dada yako alikuwa na siku ya mapumziko akasema, "Baba, wewe ni fundi, twende Lübeck ukaone matofali." Ni mwendo wa treni usiofika saa moja kutoka hapa. Ukitoka stesheni unakutana na lango la mji wa zamani, wanaliita Holstentor, la karne ya 15. Lina minara miwili minene ya matofali iliyovaa kofia zilizochongoka. Sikuhitaji timazi, jicho lilitosha. Limeinama! Ardhi ya pale ni ya kinamasi, mji wote umezungukwa na maji, na mnara wa kusini umedidimia zaidi ya mwenzake. Watu wanapiga picha na kucheka. Mimi nilisimama naangalia chini, kwenye msingi, mpaka dada yako akanivuta koti.

Kanisa lenyewe linaitwa Marienkirche, yaani Kanisa la Bikira Maria. Liko pembeni ya soko, na hilo si bahati mbaya. Lübeck ulikuwa mji wa wafanyabiashara, kichwa cha umoja wa miji uliojulikana kama Hansa, waliotajirika kwa chumvi na samaki. Askofu alikuwa na kanisa lake upande wa kusini wa mji. Matajiri wakasema nasi tunataka letu, karibu na biashara zetu, na liwe refu kumpita yeye. Wakajenga kwa takriban miaka 100, kati ya 1250 na 1350. Ni wakati uleule ambao watu wa Kilwa walikuwa wanaupanua Msikiti Mkuu wao kwa mawe ya matumbawe.

Sasa sikiliza hapa. Wafaransa walikuwa na mawe ya kuchonga, ndiyo maana makanisa yao yakapanda juu. Hawa wa Lübeck hawakuwa na jiwe. Walikuwa na udongo tu. Wakaufyatua, wakauchoma, wakapanda nao mpaka dari ya ndani ikafika mita 38.5 kutoka sakafuni. Wenyewe wanasema mpaka leo hakuna dari ya matao ya matofali duniani inayoizidi hiyo kwa urefu. Jengo la ghorofa 12 lingeingia mle likasimama. Nje kuna minara miwili, kila mmoja karibu mita 125. Na saruji hii tunayogombania bei yake haikuwapo, ilikuwa chokaa na mchanga, kama alivyokuwa akifanya babu yako. Nilibandika kiganja ukutani kupima tofali moja: shibiri yangu na vidole viwili. Kingo zimeliwa, rangi yake kama ya muhogo uliobabuka jikoni, lakini kozi, ule mstari wa matofali, imenyooka. Nikaifuata kwa jicho mpaka pembeni, haikupanda wala kushuka. Sijui waliipigaje kamba kwenye ule upepo wa bahari.

Mlangoni mguu wangu ulitaka kuvua kiatu wenyewe. Dada yako akanishika mkono, "Baba, hapa hawavui." Nikaingia na viatu, nikijisikia kama mtu aliyesahau kitu.

Kabla hujaingia, nje ukutani kuna Shetani wa shaba nyeusi amekaa juu ya jiwe, mdogo, ana pembe, anatabasamu. Watoto wanampanda mgongoni. Hadithi yake ni kwamba kanisa lilipoanza kujengwa alifika akauliza mnajenga nini. Wakamdanganya kuwa ni nyumba ya pombe. Akafurahi, akakunja mikono akasaidia, na kazi ikaenda mbio. Kuta zilipopanda akagundua amechezewa, akabeba jiwe kubwa aje alibomoe. Wakamwahidi watamjengea baa jirani, akalitupa jiwe pale chini. Na kweli, chini ya jengo la halmashauri ya mji hapohapo jirani kuna pango la mvinyo. Nilicheka, halafu nikawaza kwamba hata vibarua tuliowahi kuwa nao sisi, wengi walikuwa wa namna hiyo.

Lakini kilichonishika miguu ni chumba kimoja chini ya mnara wa kusini.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, tarehe 28 kuamkia 29 Machi 1942, ndege za Waingereza ziliuchoma mji. Moto ukapanda minarani. Kengele zikakatika huko juu zikaja chini. Mbili kati yake, kubwa mno, bado zimelala hapohapo zilipoangukia, nyuma ya uzio wa chuma. Hazikuokotwa. Sakafu imepasuka chini yake na imeachwa hivyo, vipande vya mawe vimetawanyika. Kengele moja imefunguka ubavuni kama dafu lililopigwa panga, ukingo wake umekunjamana. Herufi zilizochongwa na waliozisubu bado zinasomeka upande mmoja, upande wa pili ni shaba iliyoiva na kuvimba. Pana msalaba wa misumari kutoka Coventry, mji wa Uingereza ambao Wajerumani nao waliuchoma kwa mabomu Novemba 1940. Hakuna mtu anayeongea kwa sauti mle. Mtoto mmoja aliuliza kitu, mama yake akaweka kidole mdomoni.

Walilijenga upya kuanzia 1947, wakamaliza baada ya miaka 12 hivi. Paa na vilele vya minara wakavitengeneza kwa zege jepesi badala ya mbao, moto usirudie. Kila kitu wakakirudisha, ila pale chini ya mnara wakapaacha.

Na katika kujenga kwenyewe kuna kisa. Ule moto ulibabua chokaa ukutani, na chini yake ikatokea michoro ya zamani, iliyokuwa imefunikwa kwa karne nyingi. Watu wakafurahi, angalau moto umewapa kitu. Akapewa kazi ya kuikarabati mtu anayeitwa Dietrich Fey, naye akamtumia mchoraji wake, Lothar Malskat. Palipokuwa na mabaki, Malskat akachora juu yake. Mbele kabisa, kwenye kwaya, yaani sehemu ya karibu na madhabahu, ambako hapakuwa na kitu cha maana, akachora watakatifu wapya kabisa kutoka kichwani mwake, halafu akawachakaza waonekane wa karne ya 13. Septemba 1951 kanisa likafanya sherehe ya miaka 700, Kansela Adenauer mwenyewe, mkuu wa serikali ya Ujerumani Magharibi wakati huo, akaja, serikali ikatoa stempu zenye picha hizo. Wataalamu wakasifu.

Huyo Malskat alikuwa na mazoea. Zamani, kwenye kanisa kuu la Schleswig, alichora bata mzinga ukutani kwenye picha zilizodaiwa kuwa za kabla ya mwaka 1300. Bata mzinga asili yake Amerika! Kuna wasomi walioona, na badala ya kushtuka wakasema basi mabaharia wa kaskazini walifika Amerika kabla ya Columbus wakarudi na bata. Msomi akitaka kuamini, bwana, humwezi.

Aliyeifichua siri ya Lübeck hakuwa polisi wala mtaalamu. Mwaka 1952 Malskat mwenyewe alisimama akasema, zile picha nimechora mimi. Wakakataa kumwamini. Ikabidi ahangaike kujithibitishia uongo wake. Kesi ikaja, akafungwa miezi 18, Fey miezi 20. Watakatifu wa kwenye kwaya wakafutwa. Nilisimama pale nikatazama ukuta, mweupe, hauna kitu.

Salimu, ile nyumba ya Sahare msingi niliuchimba mimi.

Ulikuwa mdogo, darasa la tatu au la nne. Mvua za masika zilitukuta na mitaro wazi, udongo wa kona ya mashariki ukawa unabomoka kila asubuhi. Nilikuwa nimekubaliana na marehemu mume wa yule mama futi tatu. Kona ile nilifika futi moja na nusu, nikamwaga zege haraka kabla hajaja saiti. Nondo nilizopunguza hapo nilizitumia kwingine. Nyumba ikasimama, akanilipa, akaniombea dua. Nimekula chakula ndani ya nyumba ile mara nyingi, na kila mara nilikaa nimeipa mgongo kona ile. Mwaka jana yule mama aliponiambia kuna mstari umetokea unaotoka pembe ya dirisha kwenda chini kwa mshazari, nilijua. Nikakutuma wewe ukauangalie. Wewe ukaona ufa wa kawaida wa lipu, ukafanya nilichokufundisha kwa macho bila kukufundisha kwa mdomo.

Kwa hiyo sikugombezi. Ila hiyo lipu itoke.

Nenda Jumatatu. Usimweleze habari zangu, hayo nitamwambia mwenyewe, nimeshamwomba dada yako aninunulie muda wa maongezi nimpigie kabla hujafika. Wewe bandua lipu upana wa mkono kila upande wa ufa mpaka uone matofali. Angalia kama umekata matofali yenyewe au unapita kwenye viungo. Kisha chukua kipande cha kioo chembamba, kikatize ufa, ukishike kwa plasta pande zote mbili, uandike tarehe pembeni kwa penseli. Weka vitatu: juu, katikati, chini. Usiguse kitu kingine. Nikirudi mwezi ujao, vioo vikiwa vizima tutaziba. Vikiwa vimepasuka, yaani ufa bado unatembea, tutachimba kona ile kipande kwa kipande na kumwaga zege upya chini yake, na gharama ni yangu. Pesa aliyokupa mrudishie yote. Ikiwa umeshaitumia, chukua kwa shangazi yako, nitamlipa.

Ufunguo wa stoo uko kwake. Patasi nyembamba iko kwenye ndoo ya bluu, na vioo vya lile dirisha la zamani la jikoni viko nyuma ya mlango, vimefungwa kwa gazeti. Uvae kitu mkononi.

Baba yako